Pumzi katika Njia ya Pili

Jumanne ile ilianza kama Jumanne nyingine yoyote. Nilikuwa dukani kwangu, katika kile chumba chembamba ninachotengenezea kompyuta za watu, nimefungua laptop ya mwalimu mmoja aliyeimwagia chai. Nilikuwa nasafisha kibodi kwa brashi, kitufe kimoja kimoja, mama mdogo aliponipigia simu.

"Mwanangu, kile kisanduku cha mdogo wako kinakoroma."

"Kinakoromaje, mama?"

"Kama baba yako akishashiba. Njoo ukitoe huo mkoromo. Umetibu kompyuta za mji mzima, ya kwetu inakufa unaiangalia."

Alinitania, lakini kwa kunong'ona. Tangu tulipomzika mdogo wangu, miezi saba nyuma, mama mdogo alikuwa ananong'ona tu. Ndugu tulisema ni majonzi, yataisha.

Mdogo wangu huyo alikuwa binti yake wa pekee. Tulimwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Aliimba akifua, aliimba akisuka nywele, aliimba hata akigombezwa. Alipopata mshahara wa kwanza alinunua maiki, hedifoni na kisanduku cha sauti. Kwa asiyekijua, ni kidude kisichozidi nusu tofali: unachomeka maiki mbele, unaunganisha waya wa nyuma kwenye kompyuta, na sauti yako inaingia. Kilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya maiki yake. Ya pili hakuwahi kuitumia. Ili kisanduku na kompyuta vielewane, panatakiwa programu ndogo iitwayo draiva. Draiva ikiugua, sauti inakwaruza, inakatika, au kompyuta inaganda kabisa na wimbo unapotea.

Draiva ya Chiriku iliugua siku zote.

Alirekodi chumbani kwake, na nyumba ilikuwa na sheria moja. Ukiona soksi nyekundu imevishwa kitasa cha mlango wake, nyamaza. Mama mdogo alizima jiko, akafunga bomba, akakaa kwenye kigoda mikono mapajani. Akibanwa na kikohozi, alikohoa ndani ya nguo. Chiriku akimaliza beti aliacha kimya kipite, mwangwi uishe, kisha akasema kwa nguvu, "Haya!" Hapo ndipo bomba lilipofunguliwa na maisha yakaendelea. Kompyuta ikiganda na akitaka kurudia, alisema tu, "Bado." Na mama akaketi tena.

Nyimbo alinitumia mimi nizisafishe. Chiriku alikuwa na pumu. Kila alipovuta pumzi ulisikika mluzi mwembamba mwishoni, kama birika linaloanza kufikiria kuchemka. Niliukata. Niliukata kila mahali, na pumzi yenyewe nikaikata. Hata ile "Haya" ya mwisho wa kila wimbo niliikata nikaitupa, maana haikuwa sehemu ya wimbo. Ndiyo sababu akanipa jina la Mkasi.

"Kaka Mkasi," aliniambia siku moja, "niachie basi hata pumzi moja. Watu watadhani nimeimba nikiwa maiti."

Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi.

Wiki ya mwisho ya maisha yake alinipigia. Draiva imezidi, alisema, kila baada ya dakika tatu kompyuta inaganda, na amebakiza beti moja. Nikamwambia nitakuja Jumamosi. Jumamosi ikafika, nikawa na kazi za watu. Hakunisubiri. Alivisha soksi kitasani, akafunga mlango. Mama mdogo akafunga bomba, akaketi. Zikapita dakika kumi. Zikapita ishirini. Hakushangaa, kwa kuwa alijua mashine inaganda na mtoto anarudia. Dakika arobaini alikaa kimya, anatii, anasubiri neno moja. Na nyuma ya mlango ule, ambao haukuwa hata na ufunguo, pumu ilikuwa imemkaba mwanawe.

Kwenye kompyuta tulikuta ujumbe kwamba draiva imeacha kufanya kazi. Hakuna kilichohifadhiwa.

Sasa turudi kwenye Jumanne yetu. Nilifika kwa mama mdogo saa nane mchana, jua likiwaka, majirani wameanika nguo, mtu mahali fulani anagonga bati. Kitasani pa chumba cha Chiriku soksi bado ilikuwapo. Ilikuwa imefifia upande mmoja. Nilinyoosha mkono niitoe, mama mdogo akanishika.

"Iache."

"Mama, ni miezi saba."

"Hajasema niitoe."

Hapo nikaelewa kwa nini ananong'ona. Nyumba ile ilikuwa bado inarekodi.

Chumbani kitanda kilikuwa kimetandikwa, maiki imefutwa vumbi, waya wake umeviringwa vizuri. Mbele ya kompyuta kilikuwapo kiti cha Chiriku. Kando yake kilikuwapo kigoda cha jikoni.

"Unakaa hapa kusikiliza nyimbo zake?" nilimuuliza.

"Nyimbo nazijua zote." Aliangalia kile kisanduku kama mtu anavyoangalia kitanda cha mgonjwa. "Nataka kusikia neno moja tu, basi. Neno moja, nipumzike. Toa mkwaruzo. Usiguse kingine, Mkasi."

Hakuwahi kuniita hivyo. Jina lile lilikuwa la Chiriku peke yake.

Neno nililijua: ile "Haya" yake. Nilichukulia ni akili ya mfiwa, inayokataa kufunga mlango. Nikamwacha aende jikoni, nikaanza kazi.

Nilibadilisha waya. Mkwaruzo ukabaki. Nikachomeka tundu jingine, ukabaki. Nikafungua mipangilio na kukuta kisanduku kinahesabu sauti kwa kasi moja na kompyuta kwa kasi nyingine, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja bila kupokezana. Nikavilinganisha. Kisha nikaongeza ile akiba ya sauti ambayo kompyuta huiweka kando kabla ya kuichezesha, ipate nafasi ya kuhema. Mkwaruzo ukapungua, ukapungua, ukawa kama mchanga unaomwagika mbali.

Chini ya mchanga ule palikuwa na kitu.

Nilikiona kabla sijakisikia. Kwenye skrini, kipimo cha njia ya pili, ule mstari wa kijani, ulikuwa unapanda. Ukashuka. Ukapanda. Njia ya pili haikuchomekwa chochote. Kelele za umeme, nilijiambia, nimeziona mara mia. Nikazungusha kitufe cha sauti mpaka sifuri.

Mstari ukapanda.

Nikachomoa maiki ya njia ya kwanza. Ukashuka, ukapanda. Nikachomoa waya wa kisanduku chenyewe. Taa yake ikazimika. Kompyuta ikaandika kwamba kifaa hakipo.

Mstari ukashuka. Taratibu. Ukapanda.

Nikachomeka hedifoni kwenye kompyuta, nikazivaa.

Pumzi ilikuwa inavutwa. Ndefu. Na mwishoni, mluzi.

Nimeukata mluzi ule mara ngapi? Naujua kama mwandiko wangu. Naujua ulivyoanza, naujua ulivyoishia. Nje mtu yule alikuwa bado anagonga bati. Pumzi ikatoka. Ikavutwa tena, karibu zaidi, kama ya mtu anayeisogelea maiki.

Kisha sauti. Ya chini. Ya uchovu.

"Bado."

Natamani ningekuandikia kwamba nilimjibu. Natamani ningekuandikia kwamba nilimwita mama yake, aliyekuwa hatua kumi tu kutoka pale, amekaa na mikono mapajani. Mdogo wangu alikuwa ananong'ona sikioni mwangu, na mimi nilimwogopa. Hilo ndilo lililotokea. Nilimwogopa Chiriku.

Mkono ukaenda wenyewe. Draiva. Ondoa. Kompyuta ikauliza kama nifute na mabaki yake yote. Ndiyo. Ikauliza kama nina hakika.

Ndiyo.

Pumzi zikaanza kukimbia. Mluzi, mluzi, mluzi. Fupi. Fupi zaidi. Kama alivyokuwa akibanwa, kama alivyobanwa siku ile. Nilijua ni nini ninachosikia. Sikukizuia.

Kimya.

Mstari wa kijani ulilala chini, haukuamka.

Nikaweka draiva mpya, nikaiwasha kompyuta upya, nikachomeka kila kitu mahali pake. Sauti safi. Kazi nzuri, kazi ya fundi. Nikamwita mama mdogo.

"Kimepona, mama."

Alikaa kwenye kigoda chake, akavaa hedifoni, akafumba macho. Nilimtazama usoni. Mwanzo uso ulikuwa laini, kama wa mtu anayesubiri mlango aujuao ufunguliwe. Dakika ikapita. Ukaanza kukaza. Akazibana hedifoni kwa viganja. Akainama karibu na kisanduku.

"Yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Usinifanyie hivyo." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Miezi saba anapumua humu. Nikikaa, anapumua. Mkwaruzo tu ndio ulikuwa unamfunika, na juzi alianza kusema, sikumpata. Ndiyo nikakuita. Ulimsikia?"

Ningeweza kukana.

"Nilimsikia."

"Alisema nini?"

"Alisema bado."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea majibu ya daktari ambayo alishayajua. Akavua hedifoni, akazilaza juu ya meza kwa mikono miwili.

"Siku ile nilimtii," alinong'ona. "Nilikaa pale jikoni nikamtii mpaka akafa. Nikasema, basi nitamtii mpaka aniachie mwenyewe. Sasa atalisemea wapi, mwanangu?"

Nilirudisha draiva ya zamani, ileile, kutoka kwenye diski ya Chiriku. Mstari haukuamka. Nikarudisha mipangilio yote ilivyokuwa, hata ile mibovu, nikaurudisha na mkwaruzo. Ulikuja mchanga mtupu. Jioni nilifungua nyimbo zake zote nilizohifadhi, mia moja na kumi na mbili, natafuta "Haya" moja tu nimpelekee mama yake. Nikazisikiliza miisho, mmoja baada ya mwingine. Kila wimbo unaishia pale sauti inapokoma, safi, bila pumzi, bila neno. Nilikuwa mkasi hodari.

Ila kuna jambo moja ambalo mpaka leo sijapata wa kunieleza.

Kabla sijaondoka siku ile niliona faili jipya kwenye folda yake. Rekodi. Saa iliyoandikwa juu yake ni ile ya kati ya kuondoa draiva na kuweka mpya: hakukuwa na draiva ndani ya mashine, na kisanduku kilikuwa mezani kimechomolewa. Muda ule haukuzidi dakika tatu. Rekodi ilikuwa ya dakika arobaini.

Nilimwomba mama mdogo kompyuta, nikaenda nayo dukani. Kisanduku alikataa kunipa. Kesho yake nilipolifungua faili lile lilikuwa la dakika arobaini na moja. Keshokutwa, arobaini na mbili. Kompyuta sijaiunganisha na kitu chochote. Leo urefu wake umezidi saa mbili, na kila siku linaongezeka dakika moja mwishoni.

Hakuna pumzi ndani yake. Nimesikiliza yote. Kuna kimya cha chumba, na kwa mbali, nyuma ya mlango, jiko linalopoa. Kigoda kinalia kidogo. Mtu anakohoa ndani ya nguo. Ni jikoni kwa mama mdogo, kama panavyosikika kwa mtu aliyelala sakafuni chumbani kwa Chiriku.

Kila siku saa tisa alasiri natundika kitambaa chekundu kwenye mlango wa duka, nafunga. Wateja wananicheka. "Fundi, umeoa nini huko ndani?" Naacha wacheke. Navaa hedifoni, nakwenda kwenye ile dakika mpya. Simu inalia, na hata sihitaji kuangalia ni nani.

"Amesema?"

"Bado, mama."

"Sawa."

Kabla hajakata namsikia akifunga bomba, lile bomba lake linalolia kwa kutu. Halafu nabonyeza. Na kwenye hedifoni, mwanzoni mwa dakika iliyorekodiwa kabla sijapokea simu, bomba hilohilo linalia, linafungwa. Kigoda kinasogezwa. Mtu anaketi, anaweka mikono mapajani, ananyamaza.