Mchanga Aliouficha Asteria

Kuna watu walioumbwa na subira, na kuna Asteria.

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza juu ya mabati ya Rwamgasa, msichana huyo wa darasa la sita alikuwa amekwisha kuketi mlangoni kwenye kiti chake cha magurudumu, begi mapajani, akiipiga mikono ya kiti kama ngoma. Miguu yake haikuwahi kupata nguvu tangu utotoni. Nguvu zote, alisema mama yake, zilihamia kwenye vidole na mdomo.

Alikuwa akimsubiri Mageni, rafiki yake wa nyumba ya pili, aje amsukume. Mageni alikunywa uji kwa heshima zote, kijiko baada ya kijiko, kana kwamba yuko msibani.

"Mageni! Huo uji unaunywa au unausomea?"

"Nakuja, ngoja kidogo!"

Ngoja! Katika maneno yote ya Kiswahili, hilo ndilo Asteria angelifuta kwanza kama angepewa kifutio.

Safari yenyewe haikuwa fupi. Njia ya shule ilipita kando ya marudio, yale malundo ya mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa na wachimbaji wa dhahabu. Kila mvua iliponyesha, mchanga uliteremka na kuijaza njia. Kiti kilitengenezwa kwa sakafu za hospitali, si kwa balaa lile. Mageni alisukuma huku jasho likimtoka, magurudumu yakazama, na wavulana wakawapita wakikimbia. Luka, ambaye angeweza kupewa cheti cha uchokozi, hakukosa kusimama na kupiga saluti.

"Mheshimiwa anapita! Pisheni msafara!"

"Subiri, Luka," Asteria alijibu. "Siku moja utakula vumbi langu, na chumvi hutapewa."

Siku hiyo haikuwa mbali. Mjomba wake, Theonest, fundi wa kusuka mota huko Tinde, alikuwa akimtengenezea kiti cha umeme cha kupita njia mbaya. Fremu ilikwisha kuchomelewa, matairi mapana yalikwisha kufungwa. Jumamosi moja, mama yake akiwa sokoni, simu ililia.

"Shikamoo mjomba!"

"Marahaba. Sikiliza, niko Shinyanga mjini, dukani kwa Dimple. Kuna mota za aina mbili. Za kwanza ni za baiskeli za umeme. Zinakaa ndani ya gurudumu, nyepesi, zina mbio sana. Za pili zina gia. Hizo nzito, zinakwenda kama ng'ombe wa jembe, lakini zinavuta. Tena zinataka kontrola kubwa, kile kisanduku kinachogawa umeme wa betri kwenda kwenye mota."

Asteria alikuwa amebaki kwenye neno "mbio".

"Hizo za gia zinakwenda polepole kiasi gani?"

"Kama mtu anayetembea."

Kutembea! Luka je?

"Sasa niambie," mjomba akaendelea, "njia yako ya shule ikoje? Ina mchanga?"

Kutoka pale mlangoni Asteria aliyaona malundo ya marudio vizuri kabisa, yamekaa kama wazee wa baraza wakingoja ushahidi wake.

"Haina mchanga, mjomba. Greda lilipita."

Sauti ya mwanamke ikasikika nyuma ya mjomba: "Fundi, muulize tena. Huko machimboni mchanga haukosekani." Alikuwa Dimple, mwenye duka.

"Una hakika, Asteria?"

"Ngumu kama sakafu. Hata ukiangusha yai, linapasuka."

Kuhusu yai alisema kweli. Yai hupasuka mahali pengi.

Wiki iliyofuata mjomba aliteremka kwenye basi na kile kiti. Mtaa mzima ukaja. Alikiinua juu ya mawe, magurudumu yakiwa hewani, akasukuma kijiti cha kuongozea. Magurudumu yalizunguka kwa mlio mkali, kuku wakatawanyika, watu wakapiga makofi. Kisha Asteria akapanda, akauzunguka uwanja uliofagiliwa kama mbuzi aliyekata kamba.

"Kesho usije kunichukua," alimwambia Mageni. "Kunywa uji wako hata mpaka saa sita."

Mageni alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni.

Asubuhi Asteria aliondoka peke yake. Alipita nyumba ya kwanza, ya pili, dukani, upepo ukimpiga usoni. Akamwona Luka mbele. Akasukuma kijiti hadi mwisho. Akampita!

"Karibu vumbi!" akapaza sauti, na papo hapo akaingia kwenye mchanga wa marudio.

Kiti kilizama. Asteria aliendelea kukisukuma kile kijiti, maana kungoja hakukuwa katika tabia zake. Mota ziliguna lakini magurudumu hayakuzunguka. Akashikilia tu. Harufu kama ya plastiki iliyotupwa jikoni ikapanda, kisha moshi mwembamba, kisha kimya. Wachimbaji wawili wakamrudisha nyumbani, yeye mgongoni, kiti kikining'inia katikati yao kama mbuzi wa mnada.

"Kilizimika tu, mjomba," alisema.

Mjomba akafungua kisanduku. Kontrola ilikuwa imeungua, nyeusi kama sufuria ya maharage. Hasira haina macho; hakutazama hata matairi. Alimpigia Dimple simu pale pale.

"Umeniuzia takataka! Kesho nakuja nayo, na kila fundi wa Tinde atajua duka lako ni la aina gani!"

"Fundi Theonest, kontrola haiungui bure. Mota ikikwama huvuta umeme mwingi kuliko kisanduku kile kinavyoweza kubeba. Kiti kilikwama wapi?"

"Hakikukwama popote! Mpwa wangu amesema njia ni ngumu, na mpwa wangu hasemi uongo."

Asteria aliipiga mikono ya kiti chake cha zamani, akaacha, akaipiga tena. Dimple angeharibiwa jina kwa kosa lisilo lake. Na mjomba angefunga kontrola kama ile ile, nayo ingeungua vile vile. Naye mwenyewe angemsubiri Mageni na uji wake mpaka azeeke.

"Mjomba," alisema, "kabla hujaenda popote, nisukume mpaka shuleni."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Siwezi kungoja."

Mjomba akamsukuma. Walipofika kwenye marudio, viatu vyake vilimezwa hadi vifundoni. Alisukuma, akahema, akasimama.

"Asteria. Hii ndiyo sakafu?"

"Nilikudanganya, mjomba. Nilitaka mota za mbio. Dimple hana kosa."

Mjomba alikung'uta kiatu kimoja kwa muda mrefu sana.

"Mficha maradhi, kifo humfichua," alisema hatimaye. "Na mficha mchanga, moshi humfichua. Mpigie Dimple wewe mwenyewe."

Akapiga. Aliomba radhi kwa sauti ndogo ambayo hakujua kama anayo. Dimple akasema, "Haya, mdogo wangu. Mota bado ni nzima, nitazibadilisha. Kontrola iliyoungua siwezi, hiyo mjomba wako atailipa kwa kunitengenezea feni za duka. Safari hii nileteeni vipimo, msiniletee hadithi."

Wakaazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza dagaa, wakaifunga kati ya kamba na kiti cha umeme, Asteria akiwa amekalia. Mjomba akavuta. Kwenye uwanja mshale haukusogea sana. Kwenye mchanga uliruka, na penye mchanga na mwinuko pamoja ulizidi kabisa. Asteria mwenyewe ndiye aliyeusoma, kwa sauti, bila kupunguza hata kidogo. Kwa vipimo hivyo mjomba akachagua mota za gia, na kontrola inayobeba umeme hata mota ikielemewa.

Siku ya majaribio hawakukiinua kiti juu ya mawe. Walikwenda moja kwa moja kwenye marudio. Kiti kiliingia mchangani kwa mwendo wa kinyonga aliyeshiba, kikaguna, kikapanda. Luka aliwapita akipiga saluti. Mageni alitembea kando, mikono mitupu, akitafuna muhogo. Vidole vya Asteria viliwasha kwa kutaka mbio, lakini kiti hakikusimama hata mara moja.

"Ng'wanone," mjomba alimwambia walipotoka mchangani, "mtoto wangu, mota haisikii maneno matamu, inasikia mzigo tu. Mtu anayekutengenezea njia ya maisha, awe fundi, mwalimu au daktari, mwambie ukweli wote, hata ule usioupenda. Ukimdanganya yeye, unayekwama ni wewe."

"Nimesikia, mjomba."

Walipofika shuleni, kengele ilikuwa imekwisha kulia. Mwalimu Edson, wa zamu, alisimama getini na wachelewaji wake.

"Asteria, nani amekuchelewesha leo?"

Mageni akafungua mdomo, lakini Asteria alimtangulia.

"Nimejichelewesha mwenyewe, mwalimu," alisema, na hakuna mtu aliyewahi kulitamka kosa kwa fahari namna ile.

Mwalimu alikitazama kiti, akaona hakuna anayekisukuma, akaelewa. Adhabu ya wachelewaji ilikuwa kumwagilia miche, na Asteria alikuwa akisamehewa siku zote.

"Basi chukua ndoo kama wenzako."

Asteria akaipokea, akaiweka mapajani, akageuza kijiti kuelekea bombani.