Mguu wa Kushoto wa Mwanamieleka

Timareta alikuwa akifagia vumbi la marumaru katika karakana ya mumewe alipoziona nyayo. Zilikuwa za mtoto wa umri wa kuanza kutembea. Mguu wa kulia ulikuwa umekanyaga sawasawa, vidole vyote vikionekana. Wa kushoto haukuacha unyayo, uliacha mburuzo tu.

Nyumba ile haikuwa na mtoto.

Alizifagia upesi na hakumwambia mtu. Na angemwambia nani? Tangu aolewe katika mji huu wa Sikioni hakuwa na ndugu karibu, na mumewe, Aristandro, alizungumza zaidi na mawe. Mji mzima ulimsifu kwa sanamu zake. Yeye alishikilia kwamba kidole kina kipimo chake kwa kiganja, kiganja kwa mkono, na mkono kwa mwili mzima, na kwamba mwili ukitimia hivyo, moyo uliomo ndani umetimia pia. Sasa alikuwa akichonga sanamu ya kijana mwanamieleka ya kuwekwa kwenye uwanja wa mazoezi. Wakubwa wa mji walikuja kuitazama, wakaondoka wakinong'ona kama watu waliotoka hekaluni.

Kwa macho hayohayo ya kupima, miaka miwili nyuma, Aristandro alimtazama mwanawe wa kwanza, mkunga alipomlaza mbele yake. Mguu wa kushoto ulikuwa umepinda kwa ndani. Aristandro hakukasirika. Alisema tu kwamba huyu halelewi, akamtia ndani ya chungu, akapanda naye mlimani, akarudi mikono mitupu. Majirani hawakushangaa, wengi wao walishafanya hivyo. Timareta akabaki na maziwa yasiyo na wa kuyanyonya.

Baada ya nyayo zikaja sauti. Zilikuja adhuhuri, jua la utosi, watu wamejilaza na nyenze wamenyamaza mitini: hatua moja, kisha kitu kinaburuzwa, kisha hatua. Ikafuata harufu ya maziwa yaliyochacha. Timareta alipojigusa kifuani, nguo ilikuwa imelowa.

Siku moja Aristandro alimwita karakanani, uso umempauka kuliko jiwe.

"Mguu huu," alisema kwa sauti ya chini, "sikuuchonga hivi."

Vidole vya mguu wa kushoto wa sanamu vilikuwa vimeelekea ndani. Alivisawazisha kwa patasi, akapima, akapima tena. Kesho yake vilikuwa vimepinda zaidi.

"Unajua ni mguu wa nani," Timareta alimwambia.

"Nyamaza, mke wangu. Usiliseme jambo hilo humu ndani."

Adhuhuri iliyofuata alimkuta mumewe amesimama mbele ya sanamu, patasi mkononi, haendi mbele wala nyuma, huku vumbi la sakafuni likikanyagwa na kitu kisichoonekana, unyayo na mburuzo, unyayo na mburuzo, kikimzunguka polepole kama mtoto anayetafuta pa kushika asianguke, mpaka kikafika kwenye kifundo cha mguu wake, na pale juu ya ngozi yake Timareta akaona alama za vidole vidogo zikibonyea moja baada ya nyingine. Aristandro hakupiga kelele. Alilia kimyakimya, na tangu hapo akawa anachechemea.

Ndipo akaitwa Filto, mganga mzee aliyejua kusafisha nyumba. Alinusa hewa, akauliza mtoto aliitwa nani.

"Hakupewa jina," Timareta alijibu. "Hakuzungushwa mekoni kama watoto wanaokubaliwa nyumbani."

"Basi kuzimu hawampokei, binti yangu. Na huku juu hana kwake. Ndiyo maana anakua hapa kama walio hai."

Aliwashauri wampe jina, wamzike na wamlilie. Aristandro alikataa, hangeweza kukiri mbele ya mji kwamba kitu kile kilikuwa chake. Alitaka kifukuzwe tu. Filto alimtazama Timareta kwa huruma, kisha akafanya alicholipwa kufanya. Alimwaga asali na maziwa kizingitini, akagonga sufuria ya shaba chumba kwa chumba, na kile kitu kikasikika kikijiburuza mbele yake hadi nje. Akaipaka milango lami ili kisirudi, akawaonya wasikijibu kikibisha.

Mguu wa sanamu ulinyooka. Siku sanamu ilipopelekwa uwanjani kwa mkokoteni wa ng'ombe, wanaume walitokwa machozi kwa uzuri wake, na Aristandro akabaki huko akila na kunywa na wakubwa.

Timareta alikuwa peke yake nyumbani. Jua lilipofika utosini, kukabishwa. Si kubisha hasa. Ni kiganja kilichopiga mlango chini kabisa, karibu na kizingiti, kikatulia, kikapiga tena bila haraka, kama cha mtu aliyekwisha kuzoea kutofunguliwa.

Alichukua kisu cha jikoni, akapiga magoti, akaikwangua lami yote hadi kucha zikatoka damu. Kisha akafungua.

"Simo," alisema, akimpa mtoto jina la baba yake mwenyewe. "Ingia, mwanangu. Hapa ni kwenu."

Ubaridi ukampita magotini. Unyayo, mburuzo, ukaelekea mekoni. Timareta alishika mlango ili aufunge, lakini nje vumbi lilikuwa bado linakanyagwa. Njia yote iteremkayo kutoka mlimani ilijaa nyayo ndogondogo za watoto wengine, nyingine za watambaao kwa viwiko, nyingine za mguu mmoja, zote zikija kwenye mlango ule uliofunguliwa.

Timareta akasogea kando, akawapisha.