Mshono wa Profesa

Kila asubuhi mama fundi hufungua chumba chake cha kushonea, hufagia vipande vya nguo, kisha huketi kwenye cherehani. Nyuma ya pazia amelala binti yake. Ana miaka thelathini na mmoja. Mtaa mzima bado unamwita Profesa.

Jina hilo alilipata akiwa na miaka sita. Mteja akileta kitambaa, mtoto alipiga hesabu ya mita kichwani kabla mama yake hajafungua tepu. Watu walishangilia. Walisema huyu atakuwa daktari, tena daktari wa madaktari. Sifa hazilipiwi, basi wakazimwaga.

Sekondari alikutana na hesabu ya kwanza iliyomshinda. Hakumuuliza mtu. Alirudisha karatasi tupu. Chuo alikiacha mwaka wa kwanza. Kazi tatu aliziacha, kila moja siku aliyokosolewa.

Siku moja mwalimu wa shule ya jirani alileta sketi ipunguzwe kiuno. Mama fundi alimweleza yote, machozi yakidondokea kazi ya watu.

"Mwalimu, akili zile zimekwenda wapi?"

"Zipo, mama. Lakini akili ni mwanzo tu. Mtoto mwepesi naye anahitaji kazi ngumu. Akosee, aelekezwe, arudie. Wako alipokosea, ulifanya nini?"

Mama fundi alikumbuka foronya aliyoshona binti yake akiwa na miaka minane. Mshono ulikwenda kombo. Mtoto alipokwenda shule, yeye aliufumua, akaushona upya, akawaonyesha wateja kama kazi ya mtoto. Alifanya hivyo miaka nenda miaka rudi.

"Nilimfichia makosa yake," alisema. "Sasa nifanyeje? Samaki hukunjwa angali mbichi."

"Miaka iliyopita hairudi, sikudanganyi. Ila mwambie ukweli. Mpe kazi ngumu kidogo, na usimsaidie kabla hajaomba."

Mama fundi alimwambia binti yake siku ileile. Profesa alilia, akasema afadhali asingesifiwa kamwe. Wiki mbili hawakusemezana. Mama fundi alikata tamaa kabisa. Aliona amemharibu mwanawe mara ya pili.

Kisha asubuhi moja binti alitoka, akaketi, akajaribu kutia zipu kwenye gauni. Ikapinda. Akafumua. Ikapinda tena. Mama yake aliikalia mikono yake mwenyewe ili isimsaidie. Mara ya nne Profesa aliinua uso uliolowa jasho.

"Mama, sijui. Nionyeshe."

Katika miaka thelathini na mmoja, mama fundi hakuwahi kumsikia akisema hivyo.