Tanki la Kuokota

Kwanza yalikuwa maji tu.

Injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikakata. Boti ikateleza kidogo halafu ikasimama katikati ya ziwa, kisiwa cha Kome kimebaki nyuma, Mwanza bado haionekani. Kashindye, fundi wa injini, akafungua kikombe cha chujio, kile cha kioo, akakuta chini kuna maji na petroli imeelea juu yake.

"Alex, wamekupiga changa la macho. Mafuta yana maji."

"Nimenunua mwenyewe, mwaloni Kirumba."

"Ndiyo hapohapo ulipopigwa."

Wala halikuwa jambo geni. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, viwanda vya minofu vinaota Mwanza kama uyoga, kila mtu anakimbizana na sangara, mpaka mama wa vitumbua ana dumu la petroli chini ya meza. Wengine wanachanganya mafuta ya taa, wengine maji. Fundi ukishtukia kila tone utakufa kwa presha. Kashindye akamwaga, akafuta kioo kwa fulana, akafunga.

Ila siku hiyo boti haikubeba samaki. Kule wanakowekaga barafu ya bosi Hasham, mwenye boti, juu ya magunia, alikuwa amelala Evelina, mke wa Alexander. Uchungu umemshika tangu jana. Mkunga wa Kome alimpapasa akasema mtoto amelala upande, huyu hazai hapa, mkimbizeni Mwanza akapasuliwe, mkichelewa mtazika wawili. Pembeni yake alikaa Suzana, mama yake mzazi, ambaye safari nzima alikuwa amempa Alexander mgongo. Mkwe hatazamani na mkwe, na boti haina ukuta, sasa afanyeje? Akiwa na neno analipitisha kwa fundi.

"Kashindye, mwambie mkwe mwanangu anaisha nguvu."

"Alex, mama anasema..."

"Nimesikia, mi siyo kiziwi. Mwambie tunaondoka."

Wakavuta kamba, injini ikawaka. Haikufika mbali, ikakata. Kashindye akafungua chujio na kukuta maji mengi kuliko mwanzo. Safari hii yalimgusa vidole akashtuka. Jua lilikuwa linachoma mpaka mbao hazikaliki, injini yenyewe moto, halafu yale maji ni ya baridi kama yametoka chini kabisa ya ziwa. Yananuka nguo iliyolowa ikasahaulika kwenye beseni.

Akatoa plagi, zilikuwa safi. Akamwaga kabureta, yakatoka maji. Akapitisha kiganja kwenye mpira wa mafuta wote, hauna ufa. Likabaki tanki. Lilikuwa la chuma, jekundu, limekwaruzwa ubavuni. Akalegeza skrubu ya hewa kwenye kifuniko, maana tanki likikosa hewa mafuta hayaendi. Kawaida hapo linavuta kidogo, fyuu, basi. Hili lilivuta, likavuta, likavuta. Likatulia. Halafu likatoa. Pumzi ya baridi ikamgonga Kashindye shavuni, kama mtu amemwinamia.

"Alex," akasema kwa sauti ya chini. "Hili tanki siyo la bosi."

"Nimeliokota."

"Tanki linaokotwa kama embe?"

"Kuna mtumbwi ulikuwa unaelea wenyewe nyuma ya Kome. Ningeliacha ungenicheka wewe. Fanya kazi, mshikaji, mke wangu anakufa hapa!"

Kashindye akashika ile pampu ya mkono, lile puto la mpira unalolibinya mpaka likaze ujue mafuta yamefika. Akabinya, likakaza. Akaacha kubinya. Likalegea lenyewe, halafu, ndani ya kiganja chake, likakaza tena.

Akadhani ni yeye aliyelibinya bila kujua.

"Linakaza," Suzana akasema nyuma yake. Alikuwa ameweka kiganja kwenye tumbo la binti yake. "Sasa linalegea. Hee, linakaza tena."

Kashindye akatazama kiganja cha yule mama na kiganja chake mwenyewe, na kila puto lilipojaa Evelina alipinda mgongo na kuuma kanga, na kila lilipolegea alishusha pumzi, na upepo ulikuwa umekufa, na lile wingu la wadudu wa ziwani ambalo kwa mbali unadhani ni moshi lilikuwa limewafikia na kuwafunika, linaingia puani na masikioni, ila juu ya tanki hakutua mdudu hata mmoja, na ndani ya tanki kitu kizito kikajigeuza taratibu, kama mtu anayegeuka kitandani akitafuta pa kulaza ubavu.

Hapo ndipo Suzana alipogeuka. Aligeuka mzimamzima, akamkazia mkwe wake macho, na Alexander akaogopa hayo macho kuliko lile tanki.

"Baba," Suzana akamwambia, "huo mtumbwi haukuwa na mtu?"

Alexander akatazama miguu yake. "Alikuwa majini, mama. Amenasa kwenye nyavu."

"Ukamwacha?"

"Barafu ilikuwa inayeyuka. Samaki wa bosi wangeoza."

Suzana akashika kichwa. Ziwani maiti haipitwi. Uwe na haraka gani, unasimama, unamwita kwa maneno yake, unamfunga nyuma ya chombo, unamburuta mpaka ufukweni na kumzika hapohapo mchangani, hata kama humjui kwao. Siku hiyo hakuna anayetupa nyavu. Mtoto wa mvuvi anakua na hayo. Kashindye babu yake alikuwa mvuvi, aliyaona akiwa mdogo, akakumbuka maneno. Sehemu nyingine za ile shughuli hakuzikumbuka.

"Tulitupe," akasema. "Mimi nina petroli yangu kwenye dumu, nitachomeka mpira humohumo. Alex, shika huku!"

Kashindye akachomoa mpira, wakashika. Tanki la mafuta nusu, wanaume wawili wenye misuli, na lilikuwa halinyanyuki. Pumzi ikatoka kwenye kifuniko, fupi, fupi, kama mtu anayelia kimyakimya. Evelina akapiga kelele. Kashindye jasho linamwingia machoni, akafumba, na yale maneno ya babu yakamtoka mdomoni yenyewe:

"Njoo twende nchi kavu, ndugu, hapa siyo kwenu."

Tanki likawa jepesi. Jepesi mpaka nusura waanguke nalo. Likapiga maji, likaelea, likazunguka mara moja kama kopo lolote tupu, likaanza kwenda zake.

"Umesema nini?" Suzana akauliza.

"Nimeropoka tu, mama. Ni yale maneno ya wazee ya kumwita maiti."

"Maneno hayo anaambiwa aliye na mwili! Mwili uko wapi? Umemwita apande, utamfunga wapi?"

Kashindye akaokota mpira wa mafuta. Puto lilikuwa limelala mkononi mwake, laini, mpira tu. Suzana hakulitazama tanki linavyokwenda. Alimtazama binti yake. Evelina alikuwa ametulia ghafla, amefumbua macho, anashangaa.

"Mama," akanong'ona. "Amegeuka. Mtoto amegeuka mwenyewe."

Wakachomeka mpira kwenye dumu. Injini ikawaka kwa kamba ya kwanza, na haikukohoa tena mpaka Mwanza.

Hakupasuliwa. Manesi walisema mtoto alitanguliza kichwa vizuri kabisa, wa kiume, mzito. Alexander akanunua soda wodi nzima. Bosi Hasham akatuma sukari na kanga. Ni Suzana peke yake ambaye hakumbeba mjukuu, akasema mgongo unamuuma, akarudi zake Kome.

Kashindye alikwenda kumwona mtoto baadaye, kwao Alexander, Butimba, hapohapo Mwanza. Ilikuwa mchana, watoto wanacheza nje, redio ya jirani inaimba. Ndani kulinuka nguo mbichi. Akajiambia nyumba ya mzazi ndivyo ilivyo, nepi.

"Mshike mwanao, fundi," Evelina akacheka. "Wewe ndiye uliyetuvusha. Mtoto mpole huyu, hajawahi kulia."

"Hajawahi kabisa?"

"Anahema tu. Alivyotoka manesi wakampiga makofi weee, akawatazama."

Akampokea. Mtoto alikuwa mzito kuliko umbo lake, na macho yake yalikuwa yametulia, hayana haraka, ya mtu aliyekwishafika. Kashindye akaweka kiganja kichwani. Utosi wa mtoto mchanga hudunda, kila mtu anajua. Huu ulikuwa wa baridi. Ukakaza, ukakaa, ukalegea. Ukakaza, ukakaa, ukalegea. Na kidole gumba chake, kwa mazoea ya kazi tu, bila hata yeye kukituma, kikabinya kidogo.

Utosi ukambinya.

Pembeni ya mdomo wa mtoto maji yakatoka, meupe safi, na juu yake kuna utando mwembamba unaong'aa rangirangi, kama petroli kwenye dimbwi. Kashindye hakuweza kuondoa mkono. Evelina akainama, akapangusa kwa ncha ya kanga, kama anavyofanya kila siku.

"Usiogope, fundi," akasema. "Ni maji tu."