Valvu za Mama Kubik

Kila siku akitoka shule, Lida Svoboda hupitia dukani kwa baba yake, Emil, kufunga vifurushi. Duka lenyewe lilianzia kwenye meza ya jikoni. Vita vilipokwisha, baba yake alinunua redio mbovu za jeshi, akazifungua, akatangaza vipuri vyake katika gazeti la wakulima. Barua zikamiminika kutoka mashamba ya mbali ya Nebraska, ambako fundi hapatikani. Sasa duka lina katalogi nene yenye picha, na vifurushi husafiri kwa posta hadi majimbo ya jirani.

Kazi ya Lida ni valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani ya redio. Huzipima kwenye mashine, kisha huziviringishia magazeti.

Ijumaa moja wenzake walimjia dirishani. "Lida, njoo bwana, mto umeganda! Au umeolewa na hizo chupa?"

Akageuka kwa pupa, kiwiko kikagonga trei, valvu zikaanguka sakafuni. Hakuna iliyovunjika. Alijua kwamba uzi wa ndani huweza kukatika huku kioo kikiwa kizima, na kwamba ilimpasa kuzipima upya. Akazifunga hivyo hivyo, akakimbilia kuteleza kwenye barafu.

Baada ya siku kadhaa kifurushi kimoja kikarudi, kikiwa na barua. Mama Kubik, mjane anayefuga ng'ombe peke yake huko mbali, aliandika kwamba redio yake bado bubu, na asiposikia habari za dhoruba ya theluji, ng'ombe wake watamfia malishoni.

"Zilitoka hapa nzima," baba akasema. "Lida alizipima mwenyewe." Mzee Vondra, mpeleka barua wao wa miaka yote, alipoingia, baba akamgeukia. "Mzee, siku hizi vifurushi vyangu unavibwaga kama viazi?"

Lida alidhani mzee atabisha. Hakubisha. Aliitazama mikono yake.

"Labda imezeeka, Emil. Sikumbuki kukiangusha, lakini siku hizi hata kikombe hunitoka. Nitamwambia mkuu wa posta atafute mtu mwingine."

Lida aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Jioni mama yake aliandaa maandazi yenye matunda ya plamu ambayo Lida huyapenda sana, lakini aliyasukuma kando. Alijichukia. Mzee wa watu alikuwa anaacha kazi kwa kosa lisilo lake, na tena ameliamini.

Kesho yake, mzee alipofika, Lida akasimama mbele yake. "Mzee Vondra, usiache kazi. Ni mimi. Niliziangusha valvu, sikuzipima upya, nikanyamaza."

Baba alivua kofia. "Nisamehe, mzee. Nimekuvunjia heshima bila hata kuuliza." Kisha akamwambia Lida, "Pima nyingine, moja moja. Leo hii tunampelekea Mama Kubik kwa gari, na utamweleza mwenyewe."

Lida akapima huku machozi yakimtoka. Valvu zote zikawaka.

Mzee Vondra akavuta kiti, akakaa karibu naye. "Sikia, binti yangu. Kuangusha si neno, hata mimi nimeangusha vingi. Lakini jana nilimwambia mke wangu kwamba sifai tena, naye akalia. Ukikosa, sema siku hiyo hiyo, maana ukinyamaza kuna mtu mwingine anaubeba mzigo wako."

"Bado analia?"

"Nilimwacha hivyo asubuhi."

Lida akachukua koti lake. "Baba, tupitie kwanza kwa mke wa Mzee Vondra. Nataka anisikie mimi mwenyewe."