Gamba la Ngege Chini ya Gia

Kila siku ya soko, kabla jua halijapanda, Obore na mkewe Acom walikuwa barabarani. Walitoka kijijini kwao Kwapa wakashuka hadi Majanji, ziwani. Huko walipakia samaki, kisha wakapanda nao kupitia Dabani na Busia mpaka soko la Tororo. Gari lilikuwa la Obore. Samaki walikuwa wa Acom. Sokoni watu waliwatania kwamba mmoja ana miguu na mwingine ana mdomo, kwa hiyo hata wakigombana hawataachana.

Samaki wengi walikaa nyuma, ndani ya magunia yenye barafu. Lakini ngege wakubwa, wale wa wateja wa heshima, Acom hakuwaamini nyuma. Hao walipanda karai. Karai liliwekwa mbele, katikati ya viti viwili, karibu na gia. Acom alilishika njia nzima kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa. Wachuuzi wote wa njia ile walifanya hivyo. Ngege wa heshima hakai na samaki wa kawaida.

Barafu iliyeyuka, maji yakamwagika kando ya gia. Hakuna aliyejali. Maji yatakauka, walisema.

Siku moja taa nyekundu iliwaka kwenye dashibodi mbele ya dereva. Ilikuwa na picha ndogo ya mtu aliyeketi, na duara kubwa mbele ya kifua chake. Taa haikuzima tena. Obore aliitazama wiki nzima. Gari lilikuwa linakimbia, breki zinashika, injini haina kikohozi. Basi akachukua stika ya kanisani iliyoandikwa MUNGU YUKO MBELE, akaibandika juu ya taa. Taa ikapotea machoni, naye akaona amemaliza kazi.

Kisha Okware akapata ajali. Okware alikuwa dereva mwenzake Obore. Aligonga ng'ombe kwenye mteremko, mchana kweupe. Acom alikwenda kumwona hospitalini, akamkuta anapumua kwa shida, kifua kimefungwa bendeji. Okware alimweleza polepole kwamba gari lake lilikuwa na mifuko ya hewa. Gari likigonga kwa nguvu, mifuko ile hufunguka ghafla, ikishirikiana na mkanda kumkinga mtu. Yake haikufunguka. Usukani ulimvunja mbavu.

"Taa yake iliwaka tangu mwezi wa tatu," Okware alisema. "Ile ya mtu na duara. Nikaizoea."

Kesho yake asubuhi, kabla gari halijatoka nyumbani, Acom alibandua ile stika kwa ukucha. Taa nyekundu ikamtazama. Alichukua karai lake, akafungua mlango wa nyuma, akaketi katikati ya magunia.

"Mama Sandra, utanuka samaki kabla hatujafika," Obore alimwambia mkewe, akimwita kwa jina la binti yao.

"Nitanuka nikiwa mzima. Hapo mbele mimi sikai, mpaka hiyo taa izime yenyewe. Si kwa stika."

Ikawa hivyo. Kila siku walipoondoka, Acom ndiye aliyezoea kusema "Twende." Sasa alikaa kimya nyuma, na Obore aliondoa gari kama mtu anayeendesha peke yake. Madereva wa Busia walimwuliza kama siku hizi amemwoa nani, Acom au sangara. Obore alicheka nao, lakini neno lilimchoma. Alikuwa mtu wa kujivunia gari lake, na sasa mke wake mwenyewe alikuwa analiogopa.

Akavuka mpaka kuingia Kenya, akaenda kwa Maloba, muuzaji wa vipuri vya magari yaliyogongwa. Maloba alimsikiliza, akaingia ndani ya banda, akatoka na kisanduku kidogo cha chuma.

"Buda, hii ndiyo ubongo wa hizo mifuko," alisema. "Imetoka kwa gari kama yako. Funga tu. Na taa ikikataa kuzima, rudi, tunaitoa balbu."

Obore alirudi Uganda na kisanduku kwapani, kifua mbele. Jioni ile alikipeleka kwa Agwang, fundi wa umeme wa magari mjini Tororo. Agwang na Acom walikuwa wa ukoo mmoja, kwa hiyo alimwita Obore mulamu, na kama ilivyo kwa shemeji, hakumwonea haya. Alimwuliza kama leo ameleta kazi au ameleta mdomo. Obore akakiweka kisanduku mezani kama mtu anayetoa mahari.

Agwang alikigeuza. Akauliza gari lililotoa kitu kile liko wapi. Obore akasema lilikuwa limekunjika mbele, na mifuko yake ilikuwa imefunguka.

"Basi hiki kimeshafanya kazi yake, mulamu."

Alieleza taratibu. Kisanduku hiki husikia mshindo wa ajali kupitia mwili wa gari. Kikisikia, huamuru mifuko ifunguke, haraka kuliko mtu kupepesa jicho. Kikishaamuru, huiweka ajali ile kwenye kumbukumbu yake. Hakifai kufungwa katika gari lingine na kutegemewa kama kipya. Tena namba iliyoandikwa juu yake ilikuwa tofauti na ile ambayo kitabu kilionyesha kwa gari la Obore. Magari mawili yanaweza kufanana kama pacha, lakini namba zikitofautiana, kisanduku cha moja hakifai kwa lingine.

"Na balbu?" Obore aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ukitoa balbu umeziba mdomo wa shahidi. Ajali yenyewe bado inakuja."

Agwang hakukimbilia spana. Kwanza alichomeka mashine ya kupima, kwa sababu taa ile huwaka pia kwa waya uliokatika au soketi iliyolegea. Mashine ilisema kasoro iko ndani ya kisanduku cha gari lenyewe, kilichofungwa chini ya kapeti kando ya gia. Akazima gari, akatoa ufunguo, akafungua waya wa hasi wa betri na kuufunga kwa utepe usirudi kugusa. Kisha akaketi. Obore alimwuliza anangoja nini, betri si imekwisha kutolewa. Agwang alijibu kwamba kisanduku hubaki na umeme wake tumboni, ili kifanye kazi hata betri ikipondwa. Kitabu cha gari husema mtu asubiri muda gani. Yeye hangoji chini ya robo saa.

"Ukikigusa kikiwa na umeme, mfuko unaweza kufunguka usoni kwako. Mimi uso ninao mmoja."

Muda ulipokwisha, alifungua plastiki kando ya gia na kuinua kapeti. Harufu ya ziwa ikapanda. Soketi ya njano ilikuwa imeota kutu ya kijani. Na juu ya kisanduku, limekauka na kung'ang'ania chuma, kulikuwa na gamba kubwa la samaki.

Acom, aliyekuwa amemfuata mumewe gereji, alikuwa amesimama mlangoni pa gari. Aliinama, akalibandua gamba kwa ukucha uleule uliobandua stika. Alilijua. Lilikuwa la ngege wa heshima.

"Ni karai langu," alisema.

Siku zote hizi alikuwa amekaa nyuma akimhukumu mumewe kimyakimya. Obore angeweza kulipiza pale pale, na maneno alikuwa nayo. Alimtazama mkewe, kisha akatazama mahali stika ilipokuwa.

"Karai lilileta maji," alisema. "Mimi nikaificha taa. Tulikuwa wawili."

Kisanduku kipya, chenye namba ileile, kiliagizwa Kampala. Kikingojewa, gari lililala gereji na kapeti lake likaanikwa juani, kwani Agwang alisema kitu kipya kikiwekwa kwenye maji ya zamani kitakufa vilevile. Soketi iliyooza aliibadilisha. Waya za mifuko hakuzigusa na testa ya kawaida, maana hata umeme mdogo wa testa unaweza kuifungua.

Siku ya kufunga ilipofika, betri ilitolewa tena, wakangoja tena. Obore alipoona kisanduku kinabana kidogo, alinyoosha mkono kuchukua nyundo. Agwang akamshika mkono. Kitu kinachosikia mshindo hakigongwi. Alimwonyesha mshale uliochorwa juu yake, ambao lazima utazame mbele ya gari. Alisugua chuma kikawa safi, akakaza boliti kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni, kwa sababu kisanduku kilicholegea hakisikii vizuri. Soketi ziliingia mpaka zikalia.

Kabla ya kurudisha betri, aliwatoa wote garini. Obore alitaka kukaa kwenye usukani, gari ni lake. Agwang akamwambia asimame kando, abaki mume wa mtu akiwa mzima. Betri ilipofungwa, alipitisha mkono mlangoni, uso wake ukiwa mbali na usukani, akageuza ufunguo. Akatumia mashine kukitambulisha kisanduku kwa gari na kufuta kasoro ya zamani. Akazima. Akawasha tena.

Taa nyekundu ikawaka. Obore akashika kichwa.

"Subiri," alisema Agwang. "Lazima iwake kidogo. Inajikagua. Isiyowaka kabisa nayo ni mbovu."

Walingoja, watu watatu wakiikodolea macho picha ndogo ya mtu na duara. Ikazima yenyewe.

Kisanduku cha Maloba na kile cha zamani Agwang alivipaka rangi nyekundu na kuandika KIBOVU, visije vikauzwa kwa dereva mwingine.

Siku hizi ngege wa heshima wanasafiri nyuma, ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko kinachokaza. Mwanzoni wateja walinung'unika, lakini samaki walifika wabichi na barafu yao. Stika iko kwenye kioo cha nyuma. Mchuuzi akiomba kuweka karai mbele, Obore humwinulia kapeti amwonyeshe kilichoko chini, na madereva wa Busia sasa humwita Profesa. Okware, mbavu zilipounga, alikuja kutazama, akaenda moja kwa moja kwa Agwang.

Na kila asubuhi, kabla gari halijaondoka Kwapa, Acom huketi kiti cha mbele, hufunga mkanda, na hutazama dashibodi. Obore hugeuza ufunguo. Taa huwaka. Wote wawili huingoja. Taa huzima.

"Twende," husema Acom.