Picha Iliyokatwa Pembeni

Kila Jumatatu, kabla kengele haijalia, Redio alikuwa wa kwanza kufika kwenye lango la shule. Hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wenzake walimwita hivyo kwa sababu msichana yule, walisema, aliweza kutangaza mvua kabla mawingu yenyewe hayajakubaliana. Alikuwa ripota wa gazeti la shule, lile lililobandikwa kwenye ubao mkubwa nje ya lango, ambapo wazazi na wapita njia nao walilisoma.

Gazeti lilikuwa na watu watatu. Redio alitafuta habari na kuziandika. Jicho alipiga picha kwa simu ya kaka yake. Inasemekana aliwahi kumpiga picha nzi akipiga chafya. Mhariri alikuwa Profesa, msichana wa miwani aliyesoma kila habari na kuitia saini. Bila saini yake, hakuna kinachobandikwa.

Shida ilikuwa wasomaji. Timu ya shule ilikuwa imefungwa tena, na watu walikwisha kuchoka kusoma habari za kufungwa. Toleo lililopita lilisomwa kwa makini na mbuzi mmoja tu, naye aliumaliza ukurasa wote wa michezo, akabakiza pini.

"Safari hii tunataka habari ya moto," alisema Redio.

Habari ya moto ilipatikana Jumamosi, kwenye uchochoro ulio nyuma ya duka la mikate. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Ndani, mwokaji mikate, mtu mnene mwenye unga hadi kwenye kope, alikuwa amepiga magoti akiokota mikate sakafuni na kuitia guniani. Jicho akapiga picha. Redio akamshika mkono, wakatimua mbio kabla hawajaonekana.

Picha ilipochapishwa, ilikuwa pana kuliko nafasi yake ubaoni. Pembeni alionekana mwanamke mwenye buti za mpira, kando ya baiskeli iliyobeba tenga la kuku.

"Huyu na kuku wake hawatuhusu," alisema Redio, akachukua mkasi. Kwacha! Mwanamke, baiskeli na kuku wakaanguka chini ya meza.

Profesa aliisoma habari mara mbili. "Mmemuuliza mwenyewe?"

"Mhariri nawe! Utamwuliza fisi kama amekula mbuzi?"

"Ningependa tu kujua—"

"Picha haidanganyi, dada. Tia saini, kengele inakaribia."

Profesa akasahihisha nukta moja, akatia saini. Kichwa cha habari kikang'aa kwa wino mwekundu: MIKATE YA SAKAFUNI YAWANGOJA WATEJA!

Lo, watu walijazana! Redio aliinama kando akijifanya anafunga kamba za viatu, ili asikie anavyosifiwa. Lakini habari ikishatoka mdomoni haina breki. Asubuhi ilikuwa mikate sakafuni. Kufika mchana, panya nao wamo. Jioni panya hao walikuwa wakubwa kama paka, na mmoja wao ndiye aliyekanda unga.

Mwalimu mkuu akasimamisha mikate ya chai ya shule, iliyonunuliwa kwa mwokaji huyo. Kesho yake Redio alipita mbele ya duka. Mikate ilikuwa imejipanga rafuni bila mnunuzi. Vijana wa kazi walikaa kwenye ngazi, aproni zao safi kama siku ya kwanza.

"Mambo yakiendelea hivi, wiki ijayo sifungui," mwokaji aliwaambia. "Mtafute pengine, wanangu."

Redio aliharakisha hatua.

Nyumbani alimkuta shangazi yake, mhariri wa gazeti kubwa la mji wao, amepita kuwasalimu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, ripota. Nimesoma kazi yako pale langoni. Kichwa cha habari kinauma kama pilipili. Mwokaji alisema nini?"

"Hakusema kitu."

"Alikataa kusema, au hakuulizwa?"

"Hakuulizwa," alikiri Redio.

"Na ile picha imekatwa. Pembeni kulikuwa na nini?"

"Kuku tu, shangazi."

"Kuku tu!" Shangazi akacheka, kisha akaacha kucheka. "Ofisini kwetu, ripota akiniletea tuhuma bila neno la anayetuhumiwa, hata kiti simpi. Nenda ukaifanye kazi uliyoiruka."

Kesho yake baada ya masomo, wote watatu walibisha hodi dukani. Redio alitangulia.

"Shikamoo, mzee. Sisi ndio tulioandika habari yako. Hatukukuuliza. Tumekuja kuuliza."

Mwokaji akapangusa unga mikononi. "Rafu ilivunjika Jumamosi," alisema. "Kilichogusa sakafu sikiuzi. Nilimpa mama mfuga kuku. Ungeuliza siku ile, binti, ningekujibu kabla hujafungua kalamu."

"Asante, mzee. Tutamwuliza na yeye pia."

"Hamniamini?"

"Tumeshakosea kwa kuamini upesi," alisema Redio. Mwokaji akainua nyusi zake za unga, akawaelekeza nyumbani kwa mfugaji huyo.

Mama mfuga kuku, na buti zake zilezile, alithibitisha kila neno. "Mashahidi wangu hawa hapa," alisema akionyesha bandani. "Ila nao hawatoi mahojiano bila mtama."

Waliporudi shuleni, Jicho alipendekeza waandike marekebisho kwa herufi ndogo, chini ya vichekesho.

"Kosa tulilipigia tarumbeta," alisema Redio, "halafu ukweli tuunong'one?"

Profesa akavua miwani. "Palepale juu, kwa herufi zilezile. Nami niliyetia saini bila kusubiri jibu, jina langu liwemo."

Asubuhi picha nzima ilikuwa ubaoni, kuku na wote: TULIKOSEA. MIKATE ILIYOANGUKA ILIKUWA YA KUKU. Chini yake waliandika wamezungumza na nani, na kwamba wanaomba radhi.

"Redio imekosa mawimbi!" wanafunzi walimzomea.

"Imeyapata leo," alijibu, akabaki amesimama hapohapo, safari hii bila kujifanya anafunga kamba.

Mwalimu mkuu alisoma, akaenda mwenyewe kumwuliza mwokaji na kuitazama rafu mpya. Mikate ikarudi kwenye chai, vijana wa kazi wakachafua aproni zao. Mwokaji naye akalitumia gazeti kikapu cha skonzi za moto. Shangazi, aliyepita shuleni kusoma marekebisho, alimkuta Jicho ameshachagua yake.

"Rudisheni," alisema.

"Zote, shangazi?" Redio alimeza mate.

"Zote. Leo skonzi, kesho akikosea kweli mtaandika nini na midomo imejaa? Wanangu, picha huonyesha kilichobaki baada ya mkasi kupita. Mwandishi ana kazi ya kuuliza kilichokatwa. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuogopa jibu litakaloharibu habari yako. Na ukikosea hadharani, sahihisha hadharani."

Wakarudisha kikapu. Mwokaji alicheka hadi unga ukampukutika. "Basi nitawauzia kama wateja wengine!"

Wakachanga vijisenti vyao, wakanunua skonzi moja, wakaigawana vipande vitatu palepale mlangoni, mbele ya watu wote, na kuila hadi chembe ya mwisho.